Mpira wa rejeta unavuja: nibadilishe mmoja au yote?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Moshi mjini. Gari langu ni Toyota Hilux Surf ya mwaka 1997, dizeli, injini ya 1KZ. Kwa miezi kadhaa mpira wa juu wa rejeta umekuwa ukivuja pale kwenye klipu. Mjini sioni shida. Nikienda nyumbani Marangu, nikishakata kona ya Himo na kuanza kupanda, mshale wa joto unapanda, na nikifika nakuta kopo la akiba tupu. Fundi wangu alikaza klipu, ikarudia. Akafunga mpira wa tyubu, ikarudia. Sasa anataka kutoa themostati ili injini ipoe. Nibadilishe huo mpira mmoja au yote? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Badilisha yote, kazi unaiweza, na themostati, yaani ile vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata joto, isitolewe isipokuwa kwa kuweka mpya. Nieleze sababu, halafu tushike spana.

Kinachomchanganya fundi wako ni hili la gari kutulia Moshi na kuchemsha Marangu. Wengi huhesabu uvujaji kwa maji: imetoka glasi moja, naongeza glasi moja, safari iendelee. Lakini injini haipozwi na maji tu, inapozwa na maji yaliyobanwa. Tazama kifuniko cha rejeta yako, utakuta kimepigwa namba, 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo kifuniko hushikilia kabla ya kuruhusu maji yatoroke kwenda kwenye kopo la akiba. Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu, maji ya sufuria yasiyofunikwa huchemka karibu nyuzi 97. Kwenye geti la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 94. Yakiwa chini ya kifuniko kizima cha 0.9, hata huko getini yatavumilia hadi karibu nyuzi 115.

Mpira unaovuja haushiki presha. Kwa hiyo matone yale unayoyadharau yamekunyang'anya nyuzi kama ishirini za akiba, na yamekunyang'anya mahali ambapo unazihitaji kuliko popote. Mjini injini haifiki huko, ndiyo maana unajiona salama. Ukipanda na gia ya pili, turbo inafanya kazi, familia imo ndani na gunia la mchele liko nyuma, maji yanapita 95 bila kusita na kuanza kuchemka ndani ya hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Mvuke hauchukui joto la chuma kama maji yanavyolichukua. Mwezi wa Desemba ndiyo balaa zaidi, Wachagga wote wanapokuwa njiani kurudi nyumbani na foleni inapanda mlima kwa mwendo wa konokono, upepo wa kupoza rejeta hakuna. Hapa Arusha tunayaona hayohayo kwenye magari yanayopanda ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu.

Na injini yako si ya kuijaribu. 1KZ ni injini nzuri, ina nguvu na haili mafuta ovyo, lakini hedi yake ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, na wanaoijua wanajua kwamba ikichemshwa hedi hupasuka. Bei ya hedi hiyo, pamoja na gasketi na kazi ya kuishusha na kuipandisha, inanunua mipira ya magari mengi.

Usiutegemee sana mshale pia. Mishale ya joto ya Toyota za miaka ile imetengenezwa kukaa katikati hata joto likicheza nyuzi kadhaa juu au chini, ili dereva asisumbuke. Ukiuona umeanza kutembea, mambo yameshaharibika kitambo. Kuna jambo baya zaidi: kihisio cha joto kinahitaji kulowa. Maji yakiisha, kinabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kushuka ghafla huku injini inaungua. Mshale ukipanda kisha ukaanguka wenyewe mlimani, simama hapohapo.

Kabla hujatoa hela dukani, hakikisha hedi bado nzima, maana kuna wakati mpira huvuja kwa sababu unasukumwa kutoka ndani. Asubuhi, gari likiwa limelala na kupoa kabisa, bonyeza mpira wa juu. Ukiukuta mgumu baada ya kulala usiku kucha, hiyo si dalili njema. Fungua kifuniko, hakikisha maji yamejaa, washa injini na uangalie kwenye tundu la kifuniko. Mapovu machache mwanzoni ni hewa ya kawaida. Yakiendelea mfululizo kama soda iliyotikiswa, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Zima, funga kifuniko, washa tena ungali na injini baridi, na ushike mpira wa juu: ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla injini haijapata joto, tatizo lako si mpira. Chomoa pia kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi na kuwa nyeupe nzito imechanganyika na maji. Ukikuta lolote kati ya hayo, acha kusoma hapa na umtafute fundi wa hedi. Nadhani hutakuta. Kuvuja pale kwenye klipu kwa miezi, bila gari kuchemsha mjini, ni tabia ya mpira uliozeeka.

Sasa kwa nini yote? Kwa sababu mipira hiyo ni ndugu wa tumbo moja, imepikwa kwenye joto lilelile kwa miaka ileile. Ukibadilisha mmoja, presha inarudi kamili, na kitakachofuata ni ule dhaifu unaofuata kupasuka. Ule wa juu ulikuwa unawalinda wenzake kwa kuvuja. Nimeona mpira mdogo nyuma ya injini, ambao hakuna anayeukumbuka, unapasuka wiki ileile baada ya mwenye gari kununua mpira mpya wa juu na kufurahi.

Usidanganywe na sura ya nje. Mpira wa rejeta huanza kuoza ndani, hasa karibu na ncha zake mbili, pale unapokutana na chuma. Maji yaliyochoka, alumini ya injini na metali nyingine hufanya kitu kama betri dhaifu, na umeme huo mdogo unachana mpira kwa nyufa nyembamba kutoka ndani hadi kwenye nyuzi zake. Gari likiwa baridi, bana mpira kwa kidole gumba na cha shahada katikati, kisha bana karibu na klipu. Ukisikia mwisho umelegea kuliko katikati, au unasikia kitu kinasagika ndani, umekwisha. Uliokakamaa na kupiga kelele ukiubana umeungua na joto. Uliovimba na kunata umelishwa oili au dizeli, na huo ukishabadilishwa tafuta oili inatoka wapi, vinginevyo mpya utakufa vilevile.

Hesabu mipira yako kabla ya kwenda dukani. Kuna mkubwa wa juu, mkubwa wa chini, miwili ya hita inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, na midogo ya njia za pembeni kwenye injini. Baadhi ya Surf zina hita ya nyuma, na hizo zina mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari. Lala chini uyatazame, kutu huwa inayala kimyakimya. Piga picha kwa simu kila mpira ukiwa mahali pake, kila klipu imeelekea wapi. Utazishukuru picha hizo.

Dukani nenda na namba ya chesisi. Surf yako ya 1997 inapaswa kuwa KZN185, na muuza spea akikupa mpira wa KZN130, ile ya zamani, kona hazitalingana hata kama injini ina jina lilelile. Ikiwezekana nenda na mpira wa zamani mkononi, linganisha kona, urefu na upana wa tundu pande zote mbili. Mpira wa mtumba uliong'olewa kwenye gari bovu usinunue hata ukipewa bure, huna habari umepikwa miaka mingapi. Usikubali pia kukatiwa kipande cha mpira ulionyooka na kuambiwa utajikunja wenyewe. Utajikunja kweli, na pale ulipojikunja njia ya maji itaziba. Kwenye ncha iliyokatwa ya mpira mzuri utaona safu ya nyuzi katikati ya mpira. Usipoiona, rudisha. Angalia na mpira wa chini wa zamani: ukiwa na springi ndani, mpya nao uwe nayo au springi ihamishwe kama haijaliwa na kutu, kwa sababu upande huo pampu ya maji inavuta na mpira laini unaweza kunyonywa ukabanana injini ikikimbia.

Klipu zinastahili neno. Zile za springi zilizokuja na gari kutoka kiwandani, ambazo watu wanazitupa ili waweke za bisibisi, ni bora kuliko wanavyodhani. Mpira unatanuka ukipata joto na kusinyaa ukipoa, na springi inaufuata. Klipu ya bisibisi haifuati: unaikaza leo, mpira unasinyaa usiku, kesho inavuja, unaikaza tena, na siku moja meno yake yanaukata mpira. Nadhani ndiyo historia ya gari lako. Springi ambazo hazijaota kutu wala kulegea zirudishe. Ukilazimika kutumia za bisibisi, chukua zenye utepe laini upande wa ndani, zisizo na matundu yanayong'ata, kaza hadi zishike vizuri kisha uache. Nguvu zako zote za mkono hazihitajiki hapo.

Kazi yenyewe ifanye asubuhi, gari limelala. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, hata kwa kitambaa kinene, hata kama fundi anakifungua kila siku. Weka swichi ya hita kwenye joto kali, weka beseni chini, fungua koki ya chini ya rejeta. Koki ile ni ya plastiki na ina umri wa gari. Ikigoma usilazimishe, legeza klipu ya mpira wa chini na umwage kupitia hapo. Kulanti inayotoka, yaani ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta, ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo mbwa, mbuzi na watoto wakae mbali, na usiimwage kwenye mfereji wa migomba.

Mpira uliogandamana usiuchokonoe kwa bisibisi ukiegemeza kwenye shingo ya rejeta, pale mpira unapovishwa. Tangi la juu kama ni la plastiki litapasuka, kama ni la shaba shingo itapinda, na utakuwa umenunua rejeta. Uchane kwa wembe kwa urefu, taratibu, usikwaruze chuma, kisha uumenye. Unatupwa, huna haja ya kuuonea huruma.

Sasa shingo ikiwa wazi, hapa ndipo ninapowaona mafundi wengi wakifanya haraka, na ndipo uvujaji unaporudi. Utakuta ganda jeupe au la kahawia, mabaki ya mpira, na pengine silikoni ya fundi wa zamani. Safisha yote kwa msasa laini, zungusha kwa kufuata mviringo wa shingo, usivute mistari kutoka nje kwenda ndani, kwa sababu kila mstari wa namna hiyo ni mfereji wa maji. Pitisha kidole. Alumini ikiwa imeliwa vishimo virefu, hakuna mpira utakaoziba, shingo hiyo ibadilishwe au ipelekwe kwa mchomeleaji wa alumini anayejua kazi. Silikoni usiweke. Inafanya mpira uteleze, na vipande vyake vinavyobaki ndani vinasafiri hadi kwenye vijia vyembamba vya rejeta.

Mpira mpya ukikataa kuingia, lowesha shingo kwa kulanti au maji ya sabuni kidogo. Grisi na oili hapana, zinaula mpira. Sukuma hadi upite ule ukingo uliovimba wa shingo, kisha klipu ikae nyuma ya ukingo huo, milimita chache kutoka mwisho wa mpira. Klipu iliyokaa juu ya ukingo inaonekana imeshika na haijashika. Hakikisha hakuna mpira unaogusa feni, mkanda au bomba la moto la turbo.

Kuhusu themostati, mwambie fundi wako kwa heshima kwamba hapana. Najua kwa nini wanaitoa: iliyokwama ikiwa imefunga huchemsha injini, na kuitoa kunatibu haraka. Lakini kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina sahani mbili. Moja hufungua njia ya kwenda rejeta, nyingine wakati huohuo huziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huzungukia ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Mjini gari litakuwa baridi kupita kiasi na kula dizeli zaidi, mlimani linaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Kwa vile maji umeshayamwaga, weka mpya na raba yake mpya, yenye namba ileile ya joto iliyopigwa juu yake, na ile vali ndogo inayochezacheza ielekee juu ili hewa ipite. Ukiwa na shaka na ya zamani, itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiyachemsha: iliyo hai utaiona ikifunguka kabla maji hayajachemka. Nunua na kifuniko kipya cha rejeta, chenye namba ileile. Ukikuta mpira wa juu umenyonywa na kubanana gari likipoa, kifuniko ndicho kimeshindwa kurudisha maji kutoka kwenye kopo.

Suuza mfumo kwa maji safi hadi yatoke meupe, kisha jaza kulanti. Hapa najua utaniambia kulanti ni ya kuzuia maji yasigande, na Moshi hakuna barafu. Barafu iko juu ya mlima, haituhusu. Kulanti tunaihitaji kwa kuzuia kutu, kulinda alumini na pampu, na kuongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa. Kama si ile iliyochanganywa tayari, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Mtu akikuuzia maji ya betri, hakikisha ni yale ya kuongezea, si asidi. Usichanganye kulanti nyekundu na kijani kwa sababu tu zote ni kulanti, baadhi zikikutana huganda.

Kutoa hewa ndiyo subira ya mwisho. Egesha pua ya gari ikiwa juu ya mkia, jambo ambalo ukiwa Marangu halihitaji kutafutiwa mahali. Hita iwe kwenye joto kali. Mimina polepole huku ukibanabana mpira wa juu, utasikia mabonge ya hewa yakipanda. Washa injini ikiwa bado baridi, kifuniko wazi, endelea kuongeza kadiri maji yanavyoshuka. Themostati ikifunguka, maji yatashuka mara moja na rejeta itapata joto. Jaza, funga, weka kopo la akiba kati ya alama zake mbili. Hita ikitoa upepo wa moto, hewa imeisha. Ikitoa baridi huku injini ni ya moto, bado kuna hewa. Nenda hadi Boma Ng'ombe urudi, gari lilale juu ya boksi lililokunjuliwa, na asubuhi uangalie madoa, usawa wa maji na klipu. Marangu nenda baada ya hapo.

Mpira ukipasuka njiani kabla hujafanya haya yote, simama, zima, usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, alumini haipendi. Subiri ipoe hadi uweze kuushika mpira bila kuruka. Futa, kausha, funga kwa utepe wa silikoni unaojigandisha wenyewe kama unao, la sivyo huo mpira wa tyubu, jaza maji, kisha acha kifuniko kwenye hatua yake ya kwanza ili presha isijengeke. Teremka polepole hadi Himo. Kupanda usijaribu.

Na kama baada ya yote kopo linaendelea kupungua na chini hakuna tone, shika zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa limelowa na kioo kinapata ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inavuja. Unaweza kuunganisha mipira yake miwili kwa kipande cha bomba la chuma na kuiruka hadi upate nyingine. Moshi hutaona tofauti. Ukipanda nyumbani mwezi wa Julai, beba sweta.